Barua Nne Zilizosubiri Jumapili

Tarehe 3 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikukute mzima. Mimi nipo, nasukuma siku. Cherehani limerudi kazini wiki iliyopita. Nina sare thelathini za kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi, na mikono ikishika kitambaa kichwa nacho hupata nafuu kidogo. Waliokuja msibani wameondoka wote. Shangazi ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikaa siku tisa, akaondoka asubuhi moja bila kuniaga, na taulo langu la bluu akaondoka nalo. Taulo nimelisamehe. Kutoniaga bado kunanitafuna.

Chumba cha mama nimekifagia lakini sijatoa kitu. Ndara zake zipo chini ya kitanda. Ya kulia imelika kisigino, ya kushoto bado mpya, maana mguu wa kushoto hakuuvalisha kitu tangu Februari.

Usishangae kuona karatasi na huu mwandiko wangu wa kuparura. Anwani ya nyumba unayokaa nimeipata nyuma ya bahasha uliyomtumia mama. Barua pepe sikuandikii tena. Karatasi inasukumwa chini ya mlango, na mtu akitaka kutoka ni lazima airuke, na akiiruka ameiona.

Sasa nisikilize. Siku ya mazishi baba mdogo alisimama mbele ya watu akasema amezungumza nawe kwa simu, na kwamba umemwambia hukupata habari yoyote ya ugonjwa wa mama mpaka alipokufa. Namba yako mpya, ambayo mimi hukunipa, yeye anayo. Watu wote wakageuka kuniangalia. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyemfungia mama ndani mguu ukamwozea, nisimwambie mtu, ili nibaki na nyumba. Yanasemwa hata pale ninaponunua uzi. Mteja wangu wa miaka sita amekuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata.

Nilikuandikia barua nne, mdogo wangu. Jumatatu tarehe sita Mei, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mama akafariki Jumapili alfajiri. Sheria ya nyumba yetu unaijua, mama aliitunga baba alipotutoka: jambo kubwa halifanyiki mpaka wote watatu tuseme ndiyo. Ndivyo tulivyouza kile kiwanja, ndivyo tulivyobadilisha bati, ndivyo ulivyoondoka wewe. Basi daktari aliposema sukari imekula mguu, ukatwe chini ya goti na ukatwe kesho, mama akamjibu, "Binti yangu amesema ndiyo. Bado mmoja." Daktari alidhani anataniwa.

Ulipobadilisha namba mwaka jana uliniambia kupiga simu huko ni shida, niandike barua pepe, na kwamba umeiweka simu yako ilie papo hapo barua yangu ikiingia, hata uwe usingizini. Mama alilijua hilo. Kila nikirudi kutoka kwa Miwani, yule wa duka la kuchapa, aliniuliza, "Imelia kwake?" Namwambia imelia.

Swali langu ni moja. Zilikufika? Kama zilikufika, mwambie baba mdogo hivyo hivyo, zilinifika. Sitaki kingine kutoka kwako.

Ni mimi dada yako, tumbo moja,
fundi cherehani.


Tarehe 24 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika. Mwenye nyumba aliisukuma chini ya mlango kama ulivyosema, ila mimi niliikanyaga kwanza ndipo nikaiona, kwa hiyo ukiona nimechelewa kujibu ujue ina alama ya kiatu. Natumaini sare umezimaliza na macho hayakusumbui.

Mimi ni mzima. Bado nipo kwenye dobi ya hoteli, ghorofa ya chini kabisa, huku kusikokuwa na dirisha hata moja. Tunafua mashuka mia nne kwa zamu moja. Kuna mzee wa pasi tunamwita Waziri, kwa sababu hanyanyui kitu lakini anatoa maagizo kwa kila mtu. Huyo ndiye aliyenifariji siku zile. Alinikalisha kwenye kikapu cha taulo akaninunulia chai. Kifua changu kimepona.

Kuhusu mama sijui niseme nini, dada. Kuna wakati nakunja shuka nasahau kabisa kama amekufa, halafu nakumbuka, na lile shuka linanishinda kukunja.

Kuhusu zile barua, mtandao wa huku una mambo yake. Nyingine huchelewa, nyingine hupotea, na jengo letu lina kuta nene. Baba mdogo alinipigia ghafla, nikajibu nilichojibu, akili haikuwa yangu. Usiyabebe sana maneno ya watu. Leo wanasema hili, kesho wamepata jingine. Na baba mdogo ni mtu mzima, ukimnyamazia atapoa mwenyewe.

Ile picha ya mama aliyovaa gauni la kijani ipo? Naomba unitumie, sina hata moja.

Wako akuheshimuye siku zote,
mdogo wako.


Tarehe 9 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi kifua kimepona. Sare nimezimaliza, macho yapo. Waziri mpe salamu zangu na umshukuru kwa chai.

Picha ya gauni la kijani ipo. Sikutumii.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta ndiyo au hapana, nimekuta kuta nene. Nikaipeleka kwa Miwani. Usikasirike, yeye ndiye aliyezituma zile nne kwa mikono yake, ana haki ya kujua zilikoishia. Akanikalisha akanifundisha kwa subira kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha. Barua, anasema, haiendi kwenye simu moja kwa moja. Inakwenda kwenye sanduku lako huko iliko mitambo na inakaa humo inakungoja, na zangu zote nne ziliingia sandukuni dakika ile ile, hakuna hata moja iliyorudi. Kazi iliyobaki ni ya simu, kujua kama sandukuni kuna kitu. Na mwenye simu ndiye anayeichagulia ijue kwa namna gani. Kuna namna ya papo hapo, barua ikiingia tu simu inalia. Kuna ya kila baada ya muda, simu inakwenda kuchungulia kila robo saa au kila saa, vile utakavyo. Na kuna ya tatu. Simu haiulizi kitu, inakaa kimya, mpaka mwenyewe afungue sanduku kwa kidole chake. Alinionyesha zote tatu kwenye simu yake, zimepangwa moja chini ya nyingine, unagusa moja basi.

Kwa hiyo sasa sikuulizi kama zilikufika. Nakuuliza uligusa ipi.

Miwani alinichapia zile barua, kila moja na tarehe yake na saa yake, nikampelekea baba mdogo. Akazigeuza nyuma na mbele kama mtu anayekagua noti. Akasema karatasi ya dukani inaandika chochote ukitakacho, na kwamba yeye anaamini kinywa cha mtoto wa kaka yake. Shangazi alikuwa pembeni anachambua mchele. Hata kichwa hakuinua.

Unataka kujua zile siku zilivyokuwa? Jumatatu mama alikuwa na moyo. Alichana nywele, akasema jibu lako likija nisome kwa sauti na daktari asikie. Jumanne homa ikapanda. Jumatano sitaki kuizungumzia. Alhamisi akaniambia niandike kwa herufi kubwa, labda herufi ndogo hazilii. Nikaenda nikamwambia Miwani aandike kwa herufi kubwa, naye akaandika bila kucheka. Ijumaa mama alianza kuzungumza na baba, akimwuliza amefunga banda la kuku. Daktari akasema sasa hata akikubali ni bure, sumu imeshapanda juu. Miaka mitano hatuna kuku.

Baba mdogo ameitisha kikao cha ukoo Jumapili tarehe kumi na nane Agosti, nyumbani kwake. Watazungumza mimi nilimfanyia nini mama, na kama nastahili kuendelea kukaa hapa. Nyumba waichukue, cherehani linaingia popote. Ila sitaki kutoka hapa nikiitwa niliyemuua mama yangu. Mstari mmoja kutoka kwako kwenda kwa baba mdogo unatosha.

Dada yako, asiye na kuta nene.


Tarehe 2 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Huku joto limezidi, mashine zikiwaka zote tunatoka jasho mpaka kwenye viatu. Waziri amepokea salamu, anasema anakuposa. Nimemwambia hana pa kukuweka ila kwenye meza ya pasi.

Umenibana na haki yako kunibana. Nakiri, ni ile ya tatu.

Simu hii niliinunua kwa mtu, betri yake imechoka. Ilikuwa saa sita mchana imeshazima, nami huku bila simu huwezi hata kuingia kazini, mlango unafunguliwa kwayo. Mtengeneza simu akanishauri niizuie isiwe inaulizauliza, ndiyo betri ikafika jioni. Sikuona kama ni jambo la kukuandikia. Nilikosea. Nisamehe kwa hilo, dada, kwa kweli nisamehe.

Na ile wiki kazi ilitubana vibaya. Hiyo Jumatano tu, nilikuwa nimeshavua sare nimefika kituoni, barua ya msimamizi ikalia mfukoni: mashine ya pili imemwaga maji, rudi. Nikarudi, nikaunganisha zamu mbili. Mtu katika hali hiyo hana nafasi ya kukaa na simu.

Nimeshaibadilisha, nakuapia. Tangu msiba nimeiweka papo hapo, na betri nimenunua nyingine. Kuhusu baba mdogo, nitamwandikia kabla ya kikao. Nipe tu muda nipange maneno, unamjua yule mzee, neno moja likikaa upande analishikia fimbo.

Usile peke yako ukasahau kula.

Mdogo wako.


Tarehe 13 Agosti, saa tatu asubuhi, kwa mkono wa Miwani

Mdogo wangu,

Nilisema sikuandikii tena kwa njia hii. Nimevunja neno langu kwa sababu karatasi haitawahi. Unasema siku hizi inalia papo hapo. Haya, tuone.

Salamu utazipata siku nyingine. Barua yako ya betri imenifika jana. Umejikamata mwenyewe kwa mdomo wako. Jumatano ile barua ya msimamizi ililia mfukoni ukiwa kituoni, ukarudi. Jumatano hiyo hiyo, saa nne, barua yangu ilikuwa imeshaingia. Betri ni moja, mfuko ni mmoja. Nimemwuliza Miwani inawezekanaje, akasema mtu akiwa na masanduku mawili, la kazi na la nyumbani, kila moja huchaguliwa peke yake.

Basi hukuizima simu. Ulinizima mimi.

Hilo tutalizungumza tukiwa hai. Leo nataka kitu kimoja. Kikao ni Jumapili saa nne asubuhi. Mwandikie baba mdogo au mpigie, mwambie barua nne zilifika. Huna haja ya kueleza betri wala sanduku. Nina siku tano.

Dada yako.


Tarehe 30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa najua hutaki kuiitikia. Nimetumia karatasi kwa sababu kwenye simu naweza kufuta, na mimi najijua. Usiniulize hali, nitakwambia lililopo.

Ililia, dada. Jumanne tarehe kumi na tatu, ilichukua hata dakika? Nilikuwa nimeshika shuka lililolowa, upande wa pili kashika Waziri, tunalikamua. Simu ikalia, nikaona jina lako, nikaachia shuka likaanguka kwenye maji machafu. Nikaisoma yote nimesimama. Kisha nikaitia mfukoni. Nikaisoma tena Jumatano. Alhamisi niliandika namba ya baba mdogo, nikaifuta. Ijumaa vilevile. Jumapili saa nne nilikuwa nimekaa kitandani naangalia saa, nikijua mmeshakaa, nikijua wewe umekaa kwenye kiti kipi, kile cha karibu na mlango, nikasubiri mpaka saa sita ipite. Ilipopita nikaenda kufua nguo zangu. Kwa hiyo safari hii usimlaumu mtu wala kitu. Simu ilifanya kazi yake.

Sasa nirudi nyuma mpaka Machi. Miwani wako ana akili. Masanduku ni mawili. La kazi liko papo hapo, ndivyo walivyotaka siku ya kwanza. La nyumbani nililiweka papo hapo mwenyewe, kwa ajili yenu, na niliposema vile sikuwa nakudanganya. Ila dada, kila likilia ni shida. Bati linavuja. Dawa ya mama imekwisha. Kidonda hakifungi. Mama analia. Wenzangu wakisikia ule mlio wanacheka, wanasema nyumbani wanakuita, na nikisoma uso unanibadilika mbele yao. Nilianza kuuchukia ule mlio. Nilianza, Mungu anisamehe, kukuchukia wewe unapoandika. Siku moja mwezi wa tatu, nimekaa kwenye kikapu cha taulo, nikafungua mipangilio nikagusa ya tatu. Haikuchukua nusu dakika. Nikajiambia nitafungua kila Jumapili saa kumi jioni, nikishafua nguo zangu, nikiwa nimetulia, niwasome vizuri. Na nikafanya hivyo kila Jumapili, sikuruka hata moja. Niliona ni utaratibu mzuri. Hata usingizi niliupata.

Jumapili tarehe kumi na mbili Mei saa kumi nikafungua. Zilikuwa nne. Nikazisoma kwa mpangilio wake, nikafika ile ya herufi kubwa. Sikujua kama mama ameshaondoka tangu alfajiri. Nikaandika: Mama, kubali, nimesema ndiyo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Hapo hapo baba mdogo akapiga. Akasema mama yenu hatunaye, kisha akauliza, ulikuwa na habari kama anaumwa hivi? Na mimi nikamwambia hapana, sikupata habari yoyote. Lilitoka lenyewe, dada, kabla sijafikiri. Alipokata nikaenda kwenye lile jibu langu, nikalifuta.

Sijawahi kumwambia mtu haya.

Jumapili hii saa kumi nampigia baba mdogo, potelea mbali. Nakuomba kitu kimoja tu, usimwonyeshe barua hii. Niache nimwambie kwa mdomo wangu, angalau hilo niwe nimelifanya mwenyewe.

Sistahili kuandika mdogo wako, lakini ndiye mimi.


Tarehe 16 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeiitikia.

Mimi mzima. Nimehama. Nina chumba nyuma ya duka la Miwani, mlango wa tatu, dirisha linaangalia ukuta lakini mwanga wa asubuhi unaingia kidogo kwa juu, unatosha kutunga uzi kwenye sindano. Cherehani limeingia, kitanda kikakataa, nimenunua godoro dogo. Vitu vya mama vimebaki kule, isipokuwa picha na ndara.

Kikao kilikwisha haraka. Ulikisia sawa, nilikaa kiti cha karibu na mlango. Baba mdogo alisema, "Mwana wa marehemu amesema hakupata barua," akaniuliza kama nina la kujibu. Nikasema nilituma. Shangazi akasema kutuma kwa mdomo ni rahisi. Kuna mjomba mmoja alitaka kunitetea, akauliza kwa nini kijana asipigiwe simu sasa hivi tumsikie. Baba mdogo akachukua simu, akaiangalia, akasema mtoto yuko kazini asisumbuliwe. Na wewe kumbe ulikuwa umekaa kitandani. Wakakata shauri nyumba iwe chini ya baba mdogo, na mimi nipewe wiki mbili. Shangazi alinisindikiza mpaka mlangoni, nikadhani ataniambia neno, akaniambia nikihama nisisahau kuacha funguo ya choo.

Barua yako ilinifika tarehe kumi. Ninayo hapa, kwa mwandiko wako, imekunjwa ndani ya kisanduku cha vifungo. Ni kuvuka barabara mbili tu na kumwekea baba mdogo mezani, na jina langu likasafishika kabla maji ya chai hayajachemka. Sijazivuka. Umeniomba nisimwonyeshe, lakini usidhani nakutii. Nimekaa nikajiuliza kwa nini miguu haiendi, na jibu lake ni Jumatano.

Jumatano mama aliniambia, nenda kwa baba yako mdogo, yeye ana namba, mwambie apige sasa hivi. Nilijua anayo. Mwaka jana alinitangazia mbele ya wateja wangu wawili, kwamba mtoto ameniruka mimi akampa yeye kwa sababu namba hupewa watu wenye akili, na nikitaka kusema na ndugu yangu nije nipange foleni. Wateja walicheka. Basi Jumatano nikaenda. Nilifika mpaka barazani kwake. Nikamsikia ndani anacheka na shangazi, sijui wanacheka nini, haikunihusu. Mkono ukakataa kubisha. Nikasema moyoni, simwombi huyu mtu namba ya mdogo wangu wa tumbo moja, barua imeshalia, atajibu tu. Nikarudi. Mama akauliza, nikamwambia sikumkuta. Akasema, basi, amekwenda kazini, tumngoje mdogo wako.

Jumatano jioni ungepigiwa simu, Alhamisi asubuhi mama angekatwa mguu, leo ningekuwa namshonea suruali yenye mguu mmoja mfupi na yeye ananifokea kwamba pindo limepinda.

Kwa hiyo ukishampigia wewe, na mimi nitakwenda kwa baba mdogo nimwambie ya Jumatano. Nimejiapia hivyo. Sitakwenda na barua yako kuonyesha uchafu wako huku nimeficha wangu kwenye kisanduku cha vifungo. Wewe sema lako, mimi nitasema langu, halafu watuite watakavyo, wote wawili.

Uliahidi Jumapili tarehe mosi. Imepita. Ya tarehe nane imepita. Jana imepita. Nimejiambia labda mzee hakushika simu.

Jambo jingine. Nimenunua simu, ya mkono wa pili, kioo kimepasuka pembeni lakini inaandika. Miwani alinitengenezea sanduku, kisha akaniuliza, akinitazama usoni, nataka ijue barua kwa namna gani. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka mteja wake wa pili akaondoka. Nilitaka kugusa ya tatu ili siku moja uandike nawe usubiri. Nilitaka sana, nisikufiche. Lakini nikamkumbuka mama na herufi zake kubwa, nikagusa papo hapo. Anwani Miwani ameshakutumia. Ukishampigia baba mdogo niandikie neno moja tu, nimepiga. Ikilia nitavaa viatu.

Dada yako.


Tarehe 7 Oktoba

Barua hii nilikuwa nimeifunga tangu wiki tatu, sikuitia posta. Nilisema nisiitume kabla hujapiga, usije ukapiga kwa sababu nimekukumbusha. Nimeifungua leo kuongeza mistari hii, kisha naipeleka.

Jana nilimwona baba mdogo sokoni. Aliniangalia kama anavyoniangalia siku zote, akanunua vitunguu vyake, akapita. Nikajua hujapiga. Nikamfuata mpaka kwenye kona, nikiwa nyuma yake hatua kumi, neno liko mdomoni. Alipogeuka nikajitia nachagua zipu kwenye meza ya mtu.

Simu naiweka juu ya cherehani, karibu na mkono. Haijalia. Mama angekuwepo angetuhesabu kwa vidole kama kawaida yake, na safari hii angesema bado wawili.